Propela ya Dar Ikifika Mwanza

Boti ya starehe imekaa Dar es Salaam miaka kadhaa na ikienda vizuri. Sasa mwenyewe amehamia Mwanza na ameipandisha kwenye lori. Ibadilishiwe propela, au iachwe na ileile iliyokuja nayo? Hiyo ndiyo hoja ya mjadala huu, na si ndogo kama inavyoonekana, kwa kuwa nimeona watu wanakosana juu yake huku boti yenyewe ikiwa bado imefungwa gatini.

Tuchukulie boti ya kawaida ya aina hiyo. Urefu mita 6. Injini ya petroli ya V, silinda 6, lita 4.3, nguvu za farasi 220, imefungwa ndani ya boti kwenye tezi, na mguu wa gia umetokeza nyuma na kushuka majini. Mpango huo wa injini ndani na mguu nje uliletwa sokoni na Volvo Penta mwaka 1959, na MerCruiser ya Marekani ikafuata mwaka 1961. Propela ni ya alumini, mapanga matatu, na kwenye kitovu chake pamegongwa 14½ × 19. Namba ya kwanza ni kipenyo na ya pili ni pichi, zote kwa inchi. Pichi ni umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yasingekuwa na mtelezo.

Wasemaji ni watatu: nahodha wa makamo aliyekulia mwambao wa Tanga, fundi wa injini wa Mwanza, na mwenye boti. Sikuwapa majina kwa sababu kila gati lina watu kama wao. Mimi nitaingilia pale nitakaposhindwa kunyamaza.

Nahodha: Propela haiharibiki kwa kupanda lori. Ilikuwa inatufikisha Bongoyo na Mbudya na watu wanane ndani, leo itashindwa kutufikisha Saanane, hapo pua na mdomo? Maji ni maji, mwanangu.

Fundi: Shikamoo, mzee. Maji sina ugomvi nayo. Shida yangu ni hewa. Ziwa hili liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Injini yako haina tabo, inavuta hewa kwa pumzi zake yenyewe, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Msasani. Kila ukipanda mita 300 au zaidi kidogo, injini ya namna hiyo inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu. Piga hesabu mpaka hapa Mwanza unapata asilimia 11 hivi. Kati ya farasi 220, farasi 24 hawakufika.

Nahodha: Marahaba. Basi hao farasi 24 walishukia mlimani Sekenke, na mimi siwahitaji. Tumekuja kupumzika, hatukuja kushindana.

Mwenye boti: Lakini fundi, niliambiwa injini hii ina kompyuta, inajirekebisha yenyewe.

Fundi: Inarekebisha petroli, dada. Ikiona hewa imepungua, inapunguza petroli ili mchanganyiko ukae sawa. Hewa ambayo haipo haiwezi kuileta. Ingekuwa ya kabureta ungeona moshi mweusi juu ya hasara hiyohiyo. Na ingekuwa dizeli yenye tabo, ningewaambia tunywe chai, maana tabo inasukuma hewa ndani na mwinuko huu isingeujali sana.

Nahodha: Bado hujaniambia propela imeingiaje humo.

Fundi: Kitabu cha injini kinasema hivi: ukisukuma hendeli hadi mwisho, injini inatakiwa ifike kati ya mizunguko 4,400 na 4,800 kwa dakika. Dar ilikuwa inafika 4,600, katikati kabisa. Aliyeifunga propela ile alijua kazi yake. Hapa, na propela ileile, tegemea 4,300 ikiwa nyepesi. Ukipakia watu wanane, makasha ya barafu na tangi limejaa, 4,100. Imetoka nje ya kitabu.

Nahodha: Imetoka kwa chini! Mimi nilidhani utanitisha kwamba imezidi. Injini inayozunguka polepole haichoki, na haipigi kelele. Halafu niambie ukweli, hendeli hadi mwisho tunaisukuma mara ngapi kwa mwaka? Mimi natembea kwenye 3,200, watoto wamelala. Unapimaje kiatu kwa mbio ambazo sikimbii?

Hapa nahodha amesema neno zito, na ndilo linalowashinda watu wengi kujibu. Wauza propela hulipita haraka, wakirudi kwenye habari za kasi, na mnunuzi anabaki akiamini kwamba mambo ya mizunguko ni ya vijana wenye haraka. Fundi huyu hakulipita.

Fundi: Mzee, umeipita Sekenke na lori lile. Dereva angeng'ang'ania gia kubwa mlimani ungesemaje? Injini ingezunguka polepole, na kelele ingekuwa ndogo pia, lakini ungeisikia inagonga na ungemwambia ashushe gia. Pichi ya 19 hapa Mwanza ni gia kubwa mlimani. Mizunguko michache haimaanishi mzigo mdogo. Silinda zinajazwa, joto linapanda, petroli inawaka kabla ya wakati wake, vali za kutolea moshi zinaungua pole pole, na masizi yanajijenga. Injini ya namna hiyo haifi leo. Inakufa msimu wa tatu, na wewe unamlaumu fundi wa mwisho aliyeigusa.

Nahodha: Na huko 3,200?

Fundi: Huko huko. Ili ushike 3,200 hapa, hendeli imefunguka zaidi kuliko ilivyofunguka Dar kwa mizunguko ileile, kwa sababu kila mzunguko una hewa pungufu na propela inadai msukumo uleule. Kusukuma hadi mwisho ni kipimo tu. Ni mahali pekee ambapo injini haiwezi kukudanganya, maana haina akiba iliyobaki kuificha. Ikipungua pale, ujue inabeba kuliko inavyopaswa kila mahali pengine.

Mwenye boti: Ngoja niseme kinachonitokea, maana nyie mnabishana kama sipo. Nikimvuta mtoto kwenye boya, omo linaelekea mbinguni, tezi linazama, sioni mbele, na inachukua muda mrefu mpaka boti ilale na kukaa juu ya maji. Dar haikuwa hivyo. Na petroli ninayochoma Jumapili moja sasa…

Fundi: Umemaliza kesi, dada.

Nahodha: Hajamaliza. Hiyo inaweza kuwa uchafu chini ya boti. Inaweza kuwa maji kwenye bilji. Inaweza kuwa bushi ya propela imeachia. Watu wanabadilisha propela kama wanavyobadilisha waganga.

Nahodha amepata tena, na safari hii fundi alikubali bila kubisha. Kabla ya kuilaumu pichi, boti isafishwe, bilji ikaushwe, plagi zikaguliwe. Bushi ina kipimo chake rahisi: chora mstari wa rangi kutoka kwenye kitovu cha ndani hadi kwenye mwili wa propela, nenda ukakimbize boti, rudi uangalie. Mstari ukikatika, na kipande kimoja kimehama, bushi inateleza, na hakuna pichi itakayoiponya. Dalili yake nyingine ni kwamba mita ya mizunguko inaruka juu huku boti imebaki palepale. Tatizo la Mwanza ni kinyume chake, mizunguko inakataa kupanda.

Mwenye boti: Sasa hakuna jedwali? Niandike urefu wa boti, uzito, injini, nipewe namba?

Jedwali lipo, tena zuri, na watengenezaji wakubwa wanalo. Litakupa pa kuanzia. Lakini historia yenyewe ya propela inamdhihaki mwenye kuamini karatasi peke yake. Mkulima wa Uingereza aitwaye Francis Pettit Smith alichukua hataza yake mwaka 1836. Propela yake ilikuwa ya mbao, parafujo ndefu iliyojizungusha mara mbili kamili, kwa sababu akili inasema kadiri parafujo inavyokuwa ndefu ndivyo inavyoshika maji. Mwaka 1837, ikijaribiwa kwenye mfereji wa Paddington jijini London, iligonga kitu na nusu yake ikakatika. Boti ikaongeza kasi. Smith alikuwa na busara ya kutoitengeneza iwe kama ilivyokuwa. Miaka minane baadaye jeshi la majini la Uingereza lilifunga meli mbili tezi kwa tezi, HMS Rattler yenye propela na HMS Alecto yenye magurudumu ya pembeni, zikavutana, na Rattler ikamburuta mwenzake kinyumenyume. Kila hatua kubwa ya chombo hiki imeamuliwa majini, mara nyingi kwa namna ambayo mchoraji hakuitarajia.

Kwa hiyo jaribio. Nahodha na fundi hapa walielewana kuliko nilivyotegemea. Asubuhi, kabla upepo haujainuka. Tangi nusu. Watu idadi ile inayopanda kawaida, si fundi peke yake, maana boti tupu ni boti nyingine kabisa. Sukuma hendeli hadi mwisho, kisha inua mguu kidogo kidogo kwa kitufe mpaka boti ijisikie nyepesi, na ukisikia propela inavuta hewa na mizunguko inaruka, rudisha kidogo. Soma mizunguko. Geuka, rudi njia uliyojia, soma tena. Kasi ichukue kwenye simu yenye GPS.

Nahodha: Na hiyo mita ya mizunguko yenyewe mnaiamini?

Fundi: Ile ya dashibodi, hapana. Naunganisha kifaa changu kwenye kompyuta ya injini na kusoma humo. Nimeshaona mita za dashibodi zinazokosea kwa mizunguko 200, na 200 ndiyo pichi ya inchi nzima.

Maneno hayo ya mwisho yana ufunguo wa hesabu yote. Kwa boti za namna hii, kila inchi moja ya pichi unayopunguza inaongeza mizunguko kati ya 150 na 200. Tulikuwa 4,300 tukiwa wepesi na 4,100 tukiwa tumejaa. Toka 19 nenda 17 na unategemea kama 4,650 na 4,450. Zote mbili zimerudi ndani ya kitabu. Ukienda 15 utakuwa umevuka, na siku ya kutembea na mtu mmoja kidhibiti cha injini kitaanza kuikata ili isijizungushe hadi kujiumiza.

Mwenye boti: Nitapoteza kasi?

Fundi: Kidogo mno, pengine usione. Chukua ile ya Dar: 4,600 gawanya kwa 1.81, ndiyo gia ya mguu wako, propela inazunguka mara 2,541 kwa dakika. Zidisha kwa inchi 19, unapata karibu kilomita 74 kwa saa kwenye karatasi. GPS ingekuonyesha 65 hivi. Tofauti ndiyo mtelezo, asilimia 12, na ni wa kawaida kabisa. Sasa rudia hesabu hiyo kwa 17 inayozunguka 4,650 na kwa 19 inayokwama 4,300. Zinakaribiana. Unachopata ni kuinuka haraka na injini inayopumua.

Iandike hesabu hiyo ndani ya daftari la boti. Siku mtelezo utakapotoka asilimia 12 ukafika 20 na zaidi bila sababu, umejua kwamba panga limepinda, bushi imechoka, au chini ya boti pameota kitu, hata kabla mikono haijalowa.

Kipenyo hakikuzua ubishi. Kwenye boti hizi karibu kimeshaamuliwa na nafasi iliyopo chini ya bamba la mguu, na ukishuka pichi mtengenezaji mara nyingi anakiongeza kidogo mwenyewe. Wenye miguu ya propela mbili zinazozunguka kinyume, mpango ulioletwa na Volvo Penta mwaka 1982, wananunua jozi iliyokwisha kuoanishwa. Nawapita.

Moto uliwaka kwenye madini.

Fundi: Dada akiwa ananunua mpya, anunue ya chuma cha pua. Alumini ni laini, kwa hiyo mapanga yake lazima yawe manene, na bado yakibanwa na mzigo yanajikunja, pichi unayoilipia siyo unayoipata. Chuma cha pua kinafanywa chembamba, kinakata maji, kinashika kwenye kona. Na kikipata pengo kinajazwa na kusawazishwa kikarudi kama kipya, alumini iliyochomelewa hairudi katika nguvu zake.

Nahodha: Umekulia hapa na unasema hayo? Kule kwetu nilijua matumbawe yako wapi, na bamvua lilinionyesha kila nusu mwezi. Hapa mawe yanasimama peke yake katikati ya maji mengi, na hakuna kupwa kutakakoyafichua. Ziwa lilijaa kupita rekodi mwaka 2020, likajaa tena 2024. Jiwe lililokuwa linaonekana sasa liko futi tatu chini. Nikiligonga na alumini, panga linakunjika, narudi nyumbani natetemeka. Nikiligonga na chuma chako, chuma kitasalimika na pigo litapanda shaftini hadi kwenye gia. Propela ya alumini ni laki kadhaa. Mguu wa gia ni mamilioni.

Fundi: Ndiyo maana kuna bushi katikati, mzee. Imewekwa iachie kabla gia hazijavunjika.

Nahodha: Bushi inasaidia ukibanwa na mchanga. Jiwe la Mwanza haliombi ruhusa ya bushi.

Mimi niko upande wa nahodha, na nasema hivyo nikijua mafundi wengi hawatanipenda. Bushi ni kinga ya kweli, iwe kwenye alumini au kwenye chuma cha pua, lakini pigo la ghafla kwa kasi kubwa lina haraka kuliko mpira. Kwa boti ya familia inayozurura kati ya mawe, yenye injini ya farasi 220 tu, kasi ya ziada ya chuma cha pua ni kidogo mno kulinganisha na hatari hiyo. Ningekuwa na injini ya farasi 350 na bahari iliyo wazi ningegeuka mara moja. Na mwenye boti mwenyewe aliuliza swali ambalo wanaume hawa wawili hawakuliuliza: ipi inapatikana Mwanza leo, na ipi itasubiri meli?

Kuna jambo fundi alilisema kwa mkato ambalo lilistahili nafasi zaidi. Boti iliyotoka baharini huja na vipande vya zinki kwenye mguu, vya kuliwa na kutu ya umeme badala ya alumini ya mguu. Kwenye maji baridi zinki hujivisha gamba na kuacha kufanya kazi. Unaiona nzima, unafurahi, kumbe mguu ndio unaoliwa. Ziwani vinafungwa vya magineziamu au vya alumini maalumu, na ukiwa umefunga propela ya chuma cha pua haja hiyo inaongezeka. Anayebadilisha propela tayari ameishika spana na boti iko nchi kavu. Afanye vyote siku moja.

Mwenye boti: Na mapanga manne? Jirani yangu anayo, anasema boti yake haitikisiki.

Fundi: Jirani anasema kweli. Mapanga manne yanainua boti upesi, yanaishikilia juu ya maji hata ukipunguza mwendo, na mawimbi mafupi ya ziwani hayaiachii hovyo. Yanakula mizunguko, kwa hiyo ukichukua manne usichukue 17, chukua 16 au 15. Kasi ya juu inashuka kidogo.

Nahodha: Na magugu maji yanapata panga la nne la kujifungia. Yakikamata, unazima injini, unatoa ufunguo na kuutia mfukoni mwako, ndipo unatia mkono. Uzitazame na tundu za kuvutia maji pembeni mwa mguu, maana zikiziba injini itachemka kabla hujajua propela ina nini.

Fundi: Magugu yanakamata hata mapanga mawili, mzee.

Nahodha: Yanakamata. Nakwambia tu nani atayatoa.

Mwenye boti: Nimesikia. Naagiza ya alumini, mapanga matatu, 17. Ile 19 siiuzi. Likizo ya Desemba tukiirudisha boti Dar?

Fundi: Unaifunga 19 siku hiyohiyo. Ukiiacha 17 kule usawa wa bahari, ukiwa peke yako itapita 4,800 na kidhibiti kitaanza kukukatia.

Nahodha: Na kwa sasa hiyo 19 ikae botini, si stoo. Pamoja na nati, pini mbili, spana yake, na kipande cha mbao cha kuzuia panga lisizunguke ukifungua. Siku jiwe likitukuta Rubondo sitaki kusikia kwamba spana iko nyumbani kwa fundi.

Fundi: Spana nitampa. Lakini dada, mapanga manne uyafikirie.

Nahodha: Ameshaagiza.

Fundi: Hajalipa.